Kastanya za Sukari na Karatasi Niliyoikalia

Nyumba ya Juu,
Valmorella, Cuneo.
Novemba 23, 1954.

Mpendwa mdogo wangu Costanzo,

Salamu nyingi zivuke bahari zikukute mzima huko Rosario, wewe na Ramona na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema unalala sakafuni kwa ajili yake, nikacheka, halafu nikahuzunika, maana ulikuwa hulali hata kwenye godoro la majani bila kulalamika. Jipake mafuta ya moto, na usibebe magunia kama kijana. Umeshavuka hamsini, ukubali.

Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Binti yangu Ortensia mzima, amenenepa kidogo, usimwambie nimekwambia. Ng'ombe amezaa ndama jike. Theluji ya kwanza imeanguka juzi, nyembamba, ya kututisha tu.

Sasa basi. Karatasi yako ya kuuza miti ilifika. Ilifika tarehe tisa Oktoba, ndani ya bahasha yenye mihuri mitatu, na ndani yake kijibarua chako kifupi: "Dada, mpe Evasio." Sikumpa. Leo simpi, na kesho simpi. Kasirika kwanza, zunguka mezani, piga kelele ukitaka, halafu kaa chini uendelee kusoma.

Najua alichokuandikia Evasio. Huyu ni mtoto wa baba yetu mdogo, nimemfuta makamasi kwa aproni yangu, namjua mpaka ndani ya mifupa. Alikuandikia kwamba mikastanya ya baba, ile miti ya kokwa tuliyolelewa nayo, inakufa kwa kansa ya magome. Kwamba kile kiwanda kinachochemsha mbao ili kupata dawa ya kusindikia ngozi kinaitaka sasa hivi, kabla haijaoza. Kwamba dada yako amezeeka, mlima umemshinda, na kastanya zenyewe tunawamwagia nguruwe. Nawe ukaamini, ukachukua kalamu. Kwa sheria ni haki yako. Baba alikuachia wewe miti, mimi aliniachia kuokota tu, muda wote itakapokuwa imesimama. Sikulaumu kwa kuwa na nyumba ya kumalizia. Nakulaumu kwa kuwa hukuniuliza hata kwa mstari mmoja: "Dada, ni kweli?"

Ungeniuliza ningekujibu hivi. Ni kweli miti iliugua. Saba ilikauka kabisa, nikaiangusha mimi na Ortensia kwa mikono yetu, tukaichoma palepale. Ikabaki thelathini na miwili, na kati ya hiyo tisa ilikuwa na vidonda virefu, gome limepasuka na kuwa na rangi ya kutu. Nilishaanza kuiaga. Lakini kiangazi hiki nilipopanda kufyeka majani nikaona kitu. Kingo za vidonda zimevimba, na gome jipya linatambaa kufunika. Nikakwangua kwa kucha, chini yake kuko kijani. Kinafunga, Costanzo! Sijui kwa nini, hakuna aliyetia dawa, lakini kidonda kinafunga. Nikafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye ile tisa, ili mwakani nipime kama kimeendelea.

Evasio alipouona ule uzi akaenda kutangaza kilabuni. "Njooni muone, Secondina kaivalisha miti hirizi!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeenda kununua chumvi mlango wa pili, nikasikia kila neno. Nikaingia. Unajua wanawake hatuingii pale, lakini niliingia na chumvi yangu mkononi.

"Evasio," nikamwambia, "miti haifi."

"Inakufa, dada. Na kastanya zake ni za maiti. Zitie kwenye shira uone, zitamomonyoka kama mchanga."

"Zikisimama je?"

"Zikisimama?" Akawageukia wenzake, meno yote nje. "Zikisimama nitazila mbele ya kanisa siku ya Mtakatifu Martino, na nitavua kofia!"

"Jiandae kuvua," nikasema, nikatoka. Na chumvi sikuiangusha.

Siku ya Mtakatifu Martino, Novemba kumi na moja, hakuitaja hivihivi. Ndiyo siku mikataba inapokwisha na watu kuhama na vitanda vyao juu ya mikokoteni, na ndiyo siku watu wa kiwanda walikuwa waje na misumeno. Nikarudi nyumbani nikamwandikia Bwana Gaudenzio wa Cuneo, mwenye lile duka la keki karibu na soko. Unamkumbuka baba yake? Ndiye aliyenichukua jikoni kwake nikiwa na miaka kumi na minne, nikamenya kastanya misimu mitano mpaka vidole vikawa vyeusi. Wewe ulikuwa unaniita Dada Masizi. Nikamwandikia mtoto: zile za kutoka mbali unazonunua zinakuvunjikia, nimesikia. Njoo Valmorella siku ya Mtakatifu Martino uonje za kwetu.

Akajibu kwa posta ya siku ya pili. Maneno machache, mtu wa kazi: "Mama Secondina, nitakuja. Nitahesabu mia moja. Zikiwa zimevunjika zaidi ya kumi narudi zangu. Zikiwa pungufu, nachukua zote mwaka huu na kila mwaka." Basi hapo ikawa kufa na kupona.

Wewe uliondoka ukiwa huna subira ya jikoni, kwa hiyo hujui kazi hii ilivyo. Si kuchemsha tu na sukari. Tuliziokota, tukazitia kwenye mapipa ya maji baridi siku tisa, tunabadilisha maji kila asubuhi. Zinazoelea zina funza, hizo kweli tunawapa nguruwe, hapo Evasio hakudanganya. Zilizozama tukazianika kivulini. Kisha kumenya, ganda la nje na lile la ndani linalojificha kwenye mikunjo, bila kuichubua hata kidogo. Ukiichubua tu, kwenye shira itafunguka. Halafu unazifunga mbilimbili kwenye vipande vya shashi, kile kitambaa chepesi, zisigongane, unaziivisha kwenye maji kwa moto wa taratibu, ndipo unazishusha kwenye shira. Shira ya siku ya kwanza ni nyepesi, karibu maji. Kila siku unaongeza utamu kidogo, unapasha, unaacha ipoe. Siku saba. Kastanya inakunywa polepole, na haipendi kuharakishwa.

Nasi tukaiharakisha. Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nimepanda juu kuokota za mwisho, nikamwachia Ortensia sufuria ya shaba. Akahesabu siku kwenye kalenda, akadhani hazitoshi, akamwaga sukari yote siku ya pili na kuchochea moto. Nilipofika mlangoni nilijua kwa harufu. Nikafungua shashi moja, ya pili, ya kumi. Zote zimesinyaa, zimekunjamana, ngumu ungeweza kuvunjia dirisha.

"Umefanya nini, mtoto wewe?"

"Nilitaka tuwahi, mama."

"Tuwahi wapi? Kwa Evasio? Kumpelekea mawe?"

Akalia. Nikamgombeza sana, kuliko alivyostahili, halafu nami nikakaa kwenye kigoda nikalia. Kosa halikuwa lake peke yake. Tangu karatasi yako ifike nilikuwa nashinda nikihesabu siku kwa sauti, asubuhi, mchana, na kwenye chakula, nimemtia wazimu mtoto wa watu. Tulipomaliza kulia akaniuliza, "Kwenye pipa zimebaki ngapi?" Tukaenda tukatazama. Zilikuwa zimebaki za kutosha sufuria moja, za miti minne tu ya juu kabisa, na kati ya hiyo minne, miwili ina uzi mwekundu.

Tukaanza upya siku ya Marehemu, Novemba mbili. Tuliwaachia wazee wetu sahani yao ya kastanya mezani kama kawaida, nikamwambia baba: kula, lakini usichukue zaidi ya hizo, nina shida nazo.

Wakati huo wote Evasio anakuja mlangoni kila baada ya siku mbili. "Karatasi ya Costanzo imefika?" "Bado." "Ajabu, aliniandikia ameshaipeleka." "Bahari kubwa, Evasio." Uongo mtupu, karatasi ilikuwa chini ya godoro langu. Nilikwenda kuungama kwa padri. Akanipa sala tatu. Nikamwambia, baba, nipe sita kabisa, maana kesho asubuhi atakuja tena na nitasema vilevile. Nilimsikia akijikaza asicheke nyuma ya kile kidirisha.

Siku saba hatukugusa moto bila kuangaliana kwanza. Siku ya nane tukazitoa, tukazichuja, tukazipaka sukari nyeupe laini, tukazipitisha kwenye oveni dakika chache tu. Zikatoka na koti jembamba linalong'aa. Ortensia hakuthubutu kuhesabu. Mimi pia sikuthubutu. Tukazipanga kwenye trei, tukazifunika kwa kitambaa cha altare nilichoazima kwa padri, na asubuhi ya Mtakatifu Martino tukazibeba mpaka uwanja wa kanisa.

Wote walikuwepo. Wanaohama na mikokoteni yao, wauza vitunguu, wanaume wa kilabuni. Watu wa kiwanda walikuwa sita, na msimamizi wao, mtu mpole tu, wamekaa kwenye ukingo wa kisima na misumeno imefungwa magunia. Evasio kavaa suti ya harusi yake, kifungo kimoja kimegoma kufunga.

Bwana Gaudenzio akavua glavu. Hakusalimia sana. Akaanza kuziinua kastanya moja moja, kuzigeuza na kuziweka kwenye meza, nzima kulia, zilizovunjika kushoto. Uwanja mzima unahesabu naye kwa sauti. Kufika ishirini, kushoto kulikuwa na mbili. Kufika hamsini, nne. Katikati ya sabini na themanini zikavunjika tatu mfululizo, nikaona Evasio anajinyoosha. Nilishika mkono wa Ortensia mpaka akaguna. Mia moja. Kushoto zilikuwa nane.

"Nane," akasema Bwana Gaudenzio. Akachukua moja nzima, akaikata kwa kisu kidogo, akaitazama ndani, rangi ni moja mpaka katikati. Akala. Akameza, akajifuta vidole. "Nazichukua zote. Na mwakani nataka mara kumi."

Ningependa ungeuona uso wa Evasio! Watu wakaanza kupiga makofi, "Kofia! Kofia!" Akavua. Akachukua kastanya akaitia mdomoni akiwa amekunja uso, tayari kutema. Akatafuna. Akachukua ya pili.

"Vipi, Evasio," nikamwuliza, "maiti wana ladha gani?"

Alikuwa na sukari mpaka kwenye masharubu. Akachukua ya tatu huku anatikisa kichwa kukataa. Sina mbavu, Costanzo, hata sasa nikikumbuka.

Lakini yule hashindwi kirahisi. Alipomeza akajifuta, akasema kwa sauti ya kikao: "Tamu ni tamu, sikatai. Ila miti si ya Secondina. Ni ya Costanzo, na Costanzo ameuza. Karatasi iko wapi?" Na yule mtu wa posta, mjinga asiye na nia mbaya, akasema mbele ya watu wote, "Mbona niliileta mwezi uliopita? Bahasha ya mihuri mitatu. Alitia sahihi daftari langu."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nilisikia uso unawaka moto. Ningeweza kusema imepotea, imeungua, imeliwa na panya. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo, na sala zangu sita zilikuwa zimekwisha. Nikaingiza mkono kwenye aproni, nilikoihamishia asubuhi ile, nikaitoa.

"Hii hapa," nikasema. "Ilifika. Niliificha."

Evasio akanyoosha mkono. Nami sijui akili ile ilitoka wapi. Nikaiweka kwenye kiti cha padri kilichokuwa nyuma ya meza, nikageuka, nikaikalia.

"Dada, inuka."

"Ng'o!"

"Secondina, usitutie aibu mbele za watu."

"Aibu umeshaitia wewe. Karatasi iko hapa, ukiitaka ninyanyue. Nina miaka hamsini na minane na kilo themanini na tatu. Njoo!"

Hakuna aliyesogea. Msimamizi wa kiwanda akaja mbele na kofia mkononi, akasema kwa adabu, "Mama, bila hiyo karatasi sisi hatukati, lakini ukiinuka itabidi tuisome." Nikamwambia, "Basi mwanangu, mtasubiri." Nao wakasubiri. Mimi nimekaa, Ortensia anauza zile nane zilizovunjika na makombo, wanawake wanakuja mmoja mmoja kusimama kando ya kiti changu kama wanaongea habari za vitunguu. Mke wa Evasio mwenyewe aliniletea bakuli la supu. Magoti yalikufa ganzi. Kengele ya mchana ikapiga, ikapiga ya saa tisa, na mimi sikubanduka. Ilipoanza kunyesha ile mvua ya baridi, wale sita wakaikunjia misumeno yao magunia vizuri zaidi, wakapanda gari. Msimamizi akaniamkia tena kabla ya kuondoka. Akasema watarudi baada ya sikukuu ya Mamajusi.

Hapo ndipo tulipo. Sijashinda, nimekaa tu. Evasio ameshakuandikia, au anakuandikia leo, akuombe karatasi nyingine uitume moja kwa moja kwake, isipite mikononi mwangu. Ukifanya hivyo sina cha kuficha wala cha kukalia. Mwezi Januari itasomwa, na jioni yake miti itakuwa chini.

Mara baada ya hapo utasikia kwamba nimekubali yaishe. Usiamini. Sitakubali. Sikuandikii kukuomba, maana siombi kilicho hai kiachwe kiwe hai. Nakuandikia ujue unachokiuza, kwa sababu ulikiuza ukiwa umefumba macho.

Nisalimie Ramona, mwambie ile shali yake naivaa kanisani na wanawake wote wananionea wivu. Nisalimie watoto wote wanne, na yule mdogo asiyenijua umwonyeshe picha yangu, ile ya zamani, si hii ya mwaka jana. Ortensia anakusalimu, na shangazi Petronilla, ambaye hasikii tena lakini akitajiwa jina lako anatabasamu. Hata Evasio anakusalimu, najua, kwa njia yake. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake, na mgongo wako upone.

Ndani ya kopo hili la bati utakuta kastanya za sukari kumi na mbili, kila moja ndani ya karatasi yake, za miti ile minne ya juu. Karatasi yako nayo imo. Imekunjamana, unajua sababu. Nimeisoma mara nyingi mno. Imeandikwa "miti thelathini na miwili," basi, kama mtu anayeuza matofali. Kama baada ya kula bado unataka ikatwe, sitakuzuia kuandika nyingine, ila andika kama mtoto wa nyumba hii. Usiandike hesabu. Andika majina ya miti, mmoja mmoja, kwa mkono wako: Mkunga, ambaye mama alishikwa na uchungu wako chini yake. Paroko Mnene. Mapacha. Yule Mwenye Shimo, uliyejificha ndani yake siku mbili wanajeshi walipokuwa wakiwatafuta vijana, nami nikakuletea maziwa. Andika yote thelathini na miwili, bila kuruka. Ukiweza kufika mwisho, mimi mwenyewe nitampelekea Evasio.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia hivi,

Secondina